Jinsi ya kuisikiliza "Here Are The Sonics" mpaka ikuingie: mwongozo kamili wa albamu chafu ya roki ya gereji

Nyimbo 12, na zote zinakwisha kabla nusu saa haijatimia. Albamu hii ya roki ya gereji, yaani roki ghafi ya bendi za vijana, ilitoka Machi 1965 chini ya lebo ndogo iitwayo Etiquette. Waliopiga ni bendi ya The Sonics, vijana watano wa Tacoma, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Anayeisikia mara ya kwanza kupitia spika ya simu husema mambo mawili: imerekodiwa vibaya, na huyu anayeimba anapiga mayowe tu. Hilo la mayowe silipingi. Hilo la kurekodiwa vibaya ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili ujue unaongozwa na nani. Uchafu wa sauti kwenye albamu hii si vumbi lililotanda juu ya nyimbo nzuri, kwamba ukilipangusa utaziona vizuri zaidi. Ukiondoa uchafu, nyimbo nazo zinaondoka. Walijaribu kuzisafisha baadaye, na matokeo yake tutayafikia. Kwa hiyo kazi yetu hapa si kuuvumilia ule mkwaruzo. Ni kujifunza kusikia unatoka wapi, nani anausababisha, na unafanya kazi gani.

Tenga jioni kadhaa. Haifai kufanywa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu sikio likichoka huanza kudanganya.

Kwanza wajue waliopiga, na walikuwa wakipiga wapi

Gerry Roslie anaimba na kupiga kinanda. Larry Parypa yuko kwenye gitaa, na ndugu yake Andy kwenye gitaa la besi. Rob Lind anapuliza saksafoni. Bob Bennett yuko kwenye dramu. Majina haya yashike, maana huko mbele nitakuagiza umfuate mmoja mmoja.

Miaka ile vijana wa Washington walikuwa na mtandao mzima wa kumbi za dansi za wikendi. Ukumbi uliovuma kuliko zote pengine ni Spanish Castle, uliokuwa kati ya Seattle na Tacoma, ambao baadaye Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, aliutungia wimbo. Kumbi za namna hiyo hazikuwa na mitambo ya sauti ya kisasa. Mwimbaji alishindana na dramu kwa koo lake na kipaza sauti kimoja hafifu, na bendi ilipimwa kwa swali moja tu: watu wanacheza au wamesimama ukutani? Muziki unaozaliwa katika mazingira hayo hauwezi kuwa wa kunong'ona.

Wenye lebo ya Etiquette nao walikuwa wanamuziki, wanachama wa The Wailers. (Hawa si wale wa Bob Marley. The Wailers hawa ni wa Tacoma, walianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na hawana uhusiano wowote na reggae.) Ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Waliolipia rekodi hii walitoka kwenye kumbi zilezile na walijua bendi inavyosikika ikiwa mbele ya watu wanaotoka jasho.

Na ukanda ule ulikuwa tayari na wimbo wake wa taifa, kama mtu anaweza kuuita hivyo: "Louie Louie". Richard Berry aliutoa 1957, mwimbaji Rockin' Robin Roberts akautoa pamoja na The Wailers 1961, kisha The Kingsmen wa Portland wakaurekodi 1963 kwa namna ambayo maneno hayaeleweki kabisa. Hayakueleweka kiasi kwamba FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walifungua uchunguzi kutafuta matusi ndani yake, wakaishia kusema hawawezi kutambua kinachoimbwa. Wimbo huo huo wa kumumunya maneno ulikuwa umevuma Marekani nzima. Vijana wa Tacoma waliona wazi kwamba usafi si sharti.

Pili, chagua toleo

Tafuta mono, yaani sauti moja iliyokusanywa pamoja bila kugawanywa kushoto na kulia. Ndivyo ilivyotengenezwa. Ukikuta toleo ambalo ala zimesukumwa pembeni kwa ujanja wa kielektroniki, liache. Nguvu ya albamu hii iko katika kusongamana, watu watano wakipita mlango mmoja kwa pamoja, na ukiwatenganisha kila mmoja anapungua.

Toleo la CD la Norton Records lina nyimbo nne za ziada mwishoni, zikiwemo mbili za Krismasi zenye hasira ya kuchekesha. Ni nzuri, lakini kwa sasa zizuie. Albamu inaishia kwenye "Good Golly Miss Molly", na iliishia hapo kwa makusudi. Kama unasikiliza kwenye programu ya intaneti, zima uchanganyaji wa nyimbo, na zima pia ile tabia ya kuendelea na nyimbo za kubahatisha albamu inapokwisha.

Tatu, andaa chombo

Huhitaji mtambo wa gharama. Unahitaji chombo kisichokudanganya, na vingi vya siku hizi vinadanganya kwa kutaka kukufurahisha.

Anza na ikwalaiza, ile sehemu ya kuongeza au kupunguza besi na sauti za juu. Izime, iwe kwenye simu, kwenye programu au kwenye spika yenyewe. Spika nyingi ndogo huongeza besi kwa nguvu, na besi ya kuongezwa huifunika dramu ya Bennett, ambayo ndiyo mgongo wa kila kitu humu. Zima na vikorombwezo vyovyote vya kupanua sauti au kuifanya ikuzunguke.

Spika moja nzuri inatosha, kwa kuwa rekodi ni mono. Kwa kweli spika moja inaweza kuwa bora kuliko mbili zilizowekwa ovyo. Kama unazo mbili, kaa katikati yao kisha usikilize sauti inatokea wapi. Inapaswa kusimama mbele yako katikati, kana kwamba kuna spika ya tatu isiyoonekana. Ikiwa badala yake inaelea, haina mahali, na besi imenyauka, basi waya za spika moja zimeunganishwa kinyume: chanya kwenye hasi. Zigeuze upande mmoja tu. Rekodi ya mono ni kipimo kizuri sana cha kosa hili, na spika nyingi huishi nalo miaka mingi bila mwenye nyumba kujua.

Usizisukume spika mpaka kona ya chumba. Kona hukuza besi na kuifanya ivume. Zivute mbele kidogo, usikilize tena.

Ukitumia vifaa vya masikioni, sawa, ila ujue sauti itakaa katikati ya kichwa chako na utasikia mikwaruzo kwa ukaribu usio wa kawaida. Kwa kuchunguza ni vizuri. Kwa kusikiliza mara ya kwanza, spika ni bora.

Kuhusu ukubwa wa sauti: albamu hii inataka iinuliwe kidogo kuliko ulivyozoea, lakini si mpaka masikio yalie. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila ukipanda juu ya hapo muda salama hupungua haraka. Kipimo changu cha kienyeji ni kwamba mtu akiniita kwa sauti ya kawaida toka upande wa pili wa chumba nijue ananiita, hata kama sikuelewa alichosema.

Nne, isikilize nzima, umesimama

Mara ya kwanza usichambue chochote. Weka simu mbali, simama, na uache nyimbo zote 12 zipite. Kusimama si mzaha. Huu ni muziki wa dansi, na mwili ulioketi kochini unausikia kama shambulio, wakati mwili uliosimama unausikia kama mwaliko.

Unachotakiwa kufanya ni kukumbuka mahali pawili tu: pale ulipotaka kupunguza sauti, na pale ulipotaka kuongeza. Paandikie mstari mmoja mmoja kwenye karatasi. Mara nyingi pale ulipotaka kupunguza ndipo utakapokuja kupapenda zaidi.

Tano, mfuate Bennett

Hapa ndipo kazi inapoanza, na hapa sitakuwa na haraka.

Albamu ilirekodiwa na fundi Kearney Barton katika studio ya Audio Recording, Seattle, kwa mashine ya kanda yenye traki mbili, yaani njia mbili tu za kurekodia sauti. Fikiria maana yake. Leo hata mtu mwenye kompyuta chumbani ana traki nyingi kuliko anazoweza kutumia, na kila ngoma, kila toazi, ina kipaza sauti chake na njia yake. Ukiwa na traki mbili, ala zinachanganywa papo hapo wakati zinapigwa. Gitaa likizidi, limezidi milele. Hakuna kurudi wiki ijayo kusema tuishushe kidogo. Bendi inapiga kwa pamoja, fundi anaamua kwa pamoja nao, na kanda inashika uamuzi.

Na dramu zote za Bennett ziliwekewa kipaza sauti kimoja. Jambo hili lilimvutia Kurt Cobain wa Nirvana kiasi kwamba katika mahojiano ya redio mwanzoni mwa 1994 alizisifu dramu za The Sonics kuliko za rekodi nyingine yoyote. Si ajabu kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa amepitia studio za gharama.

Kwa nini kipaza sauti kimoja kizae sauti kubwa hivyo? Kwa sababu hakisikii ngoma peke yake. Kinasikia ngoma pamoja na chumba: pigo lenyewe, kisha pigo likirudi kutoka ukutani, kisha gitaa lililo karibu likipenyeza. Vipaza sauti kumi vilivyobanwa karibu na ngoma hukupa ngoma kumi safi zisizo na mahali. Kimoja hukupa mtu mmoja, ndani ya chumba, akipiga kwa nguvu.

Sasa fanya hivi. Weka "The Witch", wimbo wa kwanza. Usisikilize maneno. Fuata ngoma ndogo kali inayopigwa kwa mkono wa kushoto, na uone jinsi Bennett anavyojaza nafasi kati ya mistari ya mwimbaji kwa mapigo ya mfululizo, kama anayebisha mlango uliofungwa. Rudia mara mbili. Kisha nenda "Psycho", unaofungua upande wa pili, ambako dramu ndizo zinazofungua njia. Sikiliza matoazi: hayang'ai, yanamwagika, yanakuwa moshi nyuma ya kila kitu. Moshi huo ni kanda iliyoshiba. Kanda ya sumaku ikipewa sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba haikatiki ghafla, bali huvilainisha vilele, na sauti kubwa na ndogo zikakaribiana. Ndiyo maana dramu hizi zinaonekana kubwa hata ukizisikiliza kwa sauti ya chini.

Jaribu. Shusha sauti mpaka karibu na ukimya. Rekodi nyingi za kisasa hapo huporomoka na kubaki sauti ya mwimbaji tu. Hii inabaki bendi.

Sita, gitaa, na mkwaruzo unatokeaje

Amplifaya, yaani kikuza sauti cha gitaa, ina kikomo cha umeme inachoweza kutoa. Ukiidai zaidi ya hapo, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa juu na chini, na wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingine za juu ambazo uzi wa gitaa haukuzitoa. Sauti hizo za nyongeza ndizo tunazoziita mkwaruzo. Si kelele za bahati nasibu. Zina uhusiano wa kihesabu na noti iliyopigwa, na ndiyo sababu sikio linaweza kuzipenda.

Larry Parypa anazitumia kwa ubahili unaostaajabisha. Hapigi solo ndefu. Katika "The Witch" gitaa lake linasubiri, kisha linatoka kwa mlipuko mfupi wenye noti zinazokimbia kuliko vidole, na linarudi mahali pake. Zipo hadithi nyingi za jinsi alivyoiharibu spika ya amplifaya makusudi ili ikwaruze. Ukisikia gitaa lenyewe unaelewa kwa nini hadithi hizo zinaaminika.

Saba, saksafoni, ambayo wengi hawaisikii kabisa

Mwulize mtu aliyeisikiliza albamu hii mara kadhaa ina ala gani. Atataja gitaa, dramu, kinanda. Saksafoni ataisahau, na hapo ndipo siri ilipo.

Rob Lind mara nyingi hapigi juu ya bendi bali ndani yake. Anapiga mstari uleule wa gitaa na besi, noti kwa noti, chini chini, na vitu hivyo vikiungana vinazaa mngurumo ambao sikio linauhesabu kama gitaa moja kubwa lenye hasira. Weka "Have Love, Will Travel". Ule mstari mzito unaojirudia tangu mwanzo si wa ala moja. Usikilize huku ukijiambia "hii ni saksafoni", na ghafla utaisikia pumzi ya mtu ndani yake. Baadaye Lind anatoka mbele kwa solo, na hapo hakuna wa kumkosea: ni mkali, mfupi, na mwenye koo lililokwaruzika sawa na la mwimbaji.

Wapenzi wengi wa roki ya gereji hudhani mtindo huu ni gitaa na hasira basi. Kwa hawa watano, chanzo ni muziki wa dansi wa watu weusi wa Marekani, ambamo saksafoni ilikuwa mfalme kabla gitaa halijampindua.

Nane, koo la Roslie

Mayowe yake yana mpangilio. Fuatilia yanakuja lini. Mara nyingi yanakuja pale bendi inapobadilisha sehemu, mwishoni mwa ubeti au mlangoni mwa solo, na yanafanya kazi ya dramu: yanasukuma. Katikati ya mistari anaimba kweli, kwa tuni iliyonyooka kuliko unavyodhani, na sauti inakwaruza kwa sababu kipaza sauti nacho kimelemewa. Anayemfuata ni Little Richard, hilo halifichiki. Lakini Little Richard anapopanda juu kuna furaha ndani yake. Roslie anapopanda kuna kitu kingine, na ukitaka kujua ni kitu gani, hatua inayofuata itakuonyesha kuliko maelezo yangu.

Tisa, linganisha na za wenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ukiwa na muda wa hatua moja tu katika mwongozo mzima, fanya hii.

Kati ya nyimbo 12, nane si zao. "Roll Over Beethoven" ni ya Chuck Berry, ya 1956. "Good Golly Miss Molly" ni ya Little Richard, 1958. "Money" ni ya Barrett Strong, 1959. "Do You Love Me" ni ya The Contours, 1962. "Walkin' the Dog" ni ya Rufus Thomas, 1963. "Night Time Is the Right Time" wengi wanaijua kwa sauti ya Ray Charles. "Have Love, Will Travel" ni ya yuleyule Richard Berry wa "Louie Louie", na "Dirty Robber" ni ya The Wailers, wenye lebo.

Tengeneza orodha yenye wimbo wa asili ukifuatwa na wa The Sonics, jozi kwa jozi. Kabla ya kuanza, sawazisha ukubwa wa sauti kwa mkono wako, kwa sababu sikio la binadamu huamini kila chenye sauti kubwa zaidi ni bora. Ukilinganisha bila kusawazisha unapima kitasa cha sauti, si muziki.

Anza na "Money". Ya Barrett Strong inaongozwa na piano na ina tabasamu la pembeni. Mtu anasema anataka pesa na unajua anatania nusu. Kisha weka ya The Sonics. Maneno ni yaleyale, lakini utani umeondoka chumbani. Mtu huyu anazitaka kweli, na anazitaka leo.

Halafu "Have Love, Will Travel". Ya Richard Berry inatembea kwa miguu miepesi, na sauti za waitikiaji zinambeba mwimbaji. The Sonics wamewaondoa waitikiaji, wakachukua kile kistari kidogo kilichokuwa kikipita nyuma, wakakiweka mbele kama nguzo. Kumbuka mbinu hiyo: chukua kilicho kidogo na kizito katika wimbo, kifanye kiwe wimbo wote. Miaka mingi baadaye The Black Keys wa Akron, Ohio, waliupiga wimbo huu katika albamu yao ya 2003, iliyorekodiwa karibu yote kwa siku moja kwenye chumba cha chini ya nyumba. Ukiusikiliza huo wa kwao utagundua mara moja kwamba wamejifunza kwa The Sonics, si kwa Berry.

"Good Golly Miss Molly" ni jozi ngumu zaidi, kwa sababu Little Richard hashindwi kwa nguvu. Sidhani kama The Sonics wanamshinda. Wanachofanya ni kuutoa wimbo kwenye sherehe na kuupeleka barabarani usiku, gari likiwa halina breki.

Na kwa haki niseme pia kwamba si jozi zote zinafaulu. "Walkin' the Dog" yao naiona ya kawaida. Mzaha wa Rufus Thomas ndio ulioubeba wimbo ule, na mzaha si kipaji cha Roslie.

Kumi, zile nne zao

"The Witch", "Boss Hoss", "Psycho" na "Strychnine". Mwanamke mwenye uchawi, gari, wazimu, na sumu. Miaka ambayo redio zilijaa kushikana mikono, hawa waliimba juu ya mtu anayependa kunywa strikinini, sumu ya kuulia panya, kuliko maji au divai. Wimbo umepigwa kwa uchangamfu kabisa, bila huzuni wala onyo, na hapo ndipo ulipo ucheshi wake mweusi. The Cramps waliuchukua 1980 katika albamu yao ya kwanza, na ukiwasikia hutaamini kwamba miaka 15 imepita katikati.

Zisikilize nne hizi mfululizo, nje ya mpangilio wa albamu. Utaona kitu ambacho nyimbo za kuazima zilikuwa zinakificha: zimejengwa kwa vifaa vichache mno. Mstari mmoja, mabadiliko mawili matatu, mlipuko, kurudi. Ni nyimbo ambazo mtu aliyeshika gitaa mwezi mmoja anaweza kuzijua zote, na bado hawezi kuzipiga hivi.

Ukiitaka kwenye santuri

Nakala za kwanza za Etiquette ni za wakusanyaji, na bei yake ni ya wakusanyaji. Toleo jipya la mono linatosha kabisa. Ukinunua nakala iliyotumika, iinamishe chini ya taa moja kali uangalie mistari. Michubuko membamba ya juujuu haina neno kwa muziki huu, lakini mistari iliyopauka, yenye weupe wa kijivu, imeliwa na sindano mbovu.

Swali la haki ni hili: katika rekodi inayokwaruza kwa makusudi, utajuaje mkwaruzo upi ni wa bendi na upi ni wa uchakavu? Kuna njia. Mkwaruzo wa bendi unafuata mtu. Upo pale Roslie anapopaza, pale gitaa linaposukumwa, kisha unaondoka. Mkwaruzo wa uchakavu unafuata santuri. Unazishambulia herufi za s na sh popote zilipo, na unazidi kadiri sindano inavyokaribia katikati. Kwa hiyo jaribu wimbo wa mwisho wa kila upande kabla ya kulipa.

Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze. Sindano ya stirio huokota mtikisiko wa juu na chini ambao kwenye santuri ya mono hauna muziki ndani yake, una vumbi na milio tu. Kitufe hicho huufuta. Uzito wa sindano fuata alichoandika mtengenezaji wake. Kwa sindano nyingi ni kati ya gramu 1.5 na 2.5, na kuipunguza kwa kuihurumia santuri huleta madhara zaidi, kwa sababu sindano nyepesi mno hurukaruka na kuzigonga kuta za mstari.

Baada ya hii, uende wapi

Albamu ya pili, "Boom", ni ya 1966, na inakwaruza zaidi. Inasimuliwa kwamba studioni waling'oa vifyonza sauti vilivyobandikwa ukutani ili chumba kipige mwangwi. Humo utaikuta "Louie Louie" yao, na "He's Waitin'", ambapo anayemsubiri mwanamke msaliti ni shetani mwenyewe.

Kisha, kwa makusudi, tafuta rekodi walizofanya baada ya kuhamia lebo ya Jerden, kwenye studio ya Gold Star huko Los Angeles, nyumba ya sauti kubwa na nzuri za miaka ile. Mafundi hodari, vifaa bora, ala zimetenganishwa vizuri. Na meno yameng'oka. Baadaye bendi wenyewe hawakuficha kwamba hawakuipenda kazi hiyo. Sikiliza mara moja tu, inatosha kumaliza ubishi wa mtu anayesema laiti albamu ya kwanza ingerekodiwa vizuri.

Jamaa zake ni wengi. Nitakutajia wachache niwapendao. "Black Monk Time" ya The Monks, 1966, ni ya wanajeshi wa Kimarekani waliobaki Ujerumani wakanyoa utosi kama watawa na kupiga banjo kana kwamba ni ngoma. "Fun House" ya The Stooges, 1970, ilisimamiwa na Don Gallucci, ambaye ndiye aliyepiga kinanda kwenye "Louie Louie" ya The Kingsmen, na ukoo unajieleza wenyewe. "Lazy Bones!!" ya WITCH wa Zambia, 1975, itakuonyesha gitaa la mkwaruzo likiwa na mdundo mwingine kabisa chini yake. Na "Elephant" ya The White Stripes, 2003, ilirekodiwa Toe Rag, London, kwa mashine ya traki nane na vifaa vya zamani, na watu waliochagua uhaba wakiwa na uwezo wa kununua wingi. Mkusanyo wa "Nuggets" alioupanga Lenny Kaye 1972, nyimbo 27, ni ramani nzuri ya bendi za Marekani za kipindi hicho, ingawa The Sonics hawamo kwenye toleo lile la kwanza.

Wenyewe walirudi jukwaani 2007, na 2015 wakatoa "This Is The Sonics", kwa mono, Roslie akiwa na umri wa babu na koo lilelile.

Ukimgawia mtu mwingine

Usimpe albamu nzima, na usimpe maelezo. Ukianza na hadithi za traki mbili na kipaza sauti kimoja atasikiliza kwa adabu, na adabu inaua muziki huu. Mpe wimbo mmoja, kwenye spika, watu wakiwa wamesimama. "Have Love, Will Travel" ndio mlango mpana zaidi, una mdundo ambao hata asiyependa roki anauelewa kwa mabega. Akiuliza hiyo ni nini, mpe "Psycho". Asipouliza, badilisha muziki na muendelee na mazungumzo yenu. "The Witch" mwekee siku nyingine, mwanzo wa albamu, mahali pake. "Strychnine" mwachie aikute mwenyewe.